Faili Moja

Walikuja wakiwa wamekwisha kukasirika, kwa hiyo salamu hazikuchukua muda. Kaka Mkubwa, msimamizi wa ghala, alivua viatu mlangoni akavipanga vizuri. Dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na hata mumewe alimwita hivyo hivyo, hakuvua. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye meza iliyo chini ya dirisha, akaikodolea macho kompyuta.

"Iko humu?"

"Imo, wifi," alijibu Mchapaji. "Karibuni mkae kwanza. Baba ameamka, mngemsalimu."

"Baba nitamsalimu nikiwa na karatasi yake mkononi."

Chumba hicho cha mbele ndicho kilikuwa ofisi ya Mchapaji: meza, printa, benchi la wateja, na kompyuta ya kukunja ambayo betri yake ilishakufa ikabaki kuishi kwa waya. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili. Kimoja alilala yeye na mumewe, dereva wa lori, kitinda mimba wa nyumba hiyo. Kingine alilala Mzee, baba yao, mwashi, aliyeijenga nyumba hii yote kwa mikono yake. Wiki tatu zilizopita kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia na ulimi. Masikio kilimwachia. Aliweza kutikisa kichwa, na aliweza kugonga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto. Kusema, basi tena.

Na kesho saa nne asubuhi karani wa ardhi alikuwa anakuja kuandikisha nyumba. Akikuta maelezo ya Mzee yametiwa dole gumba, atayafuata. Asipoyakuta, watoto watakubaliana wenyewe, na makubaliano yao yalijulikana kabla hawajakaa. Kaka Mkubwa alishapata mpangaji wa chumba cha mbele, muuza dawa, na vipimo vya rafu vilichukuliwa siku Mchapaji alipompeleka Mzee hospitali. Mchapaji na mumewe wangetafutiwa mahali. Ndivyo walivyosema, "mahali," na hakuna aliyetaja ni wapi.

Maelezo yalikuwepo. Mzee aliyasema mwenyewe, alasiri baada ya alasiri kwa wiki moja, miezi minane iliyopita, akiwa amekaa kwenye benchi la wateja na Mchapaji akichapa. Alisema kama alivyojenga. "Bomoa hapo," angeamuru, "panga upya." Na kila alipoulizwa kama yatolewe kwenye karatasi, jibu lilikuwa moja: "Bado mabichi. Yakikauka nitakwambia." Kiharusi kilifika hajasema yamekauka.

"Haya, fungua," alisema Kaka Mkubwa.

Mwalimu alikuwa na cheti cha mafunzo ya kompyuta ya siku tatu, na hakuacha watu wakisahau. Alimsogeza wifi yake kwa bega, akaketi kwenye kiti chake, akaandika kwenye sehemu ya kutafutia: baba. Hakuna. Akaandika mzee. Hakuna. Nyumba, hakuna. Maelezo, hakuna. Akafungua folda ya nyaraka, na humo akakuta kitu kimoja tu kimekaa peke yake. Kiliitwa BARUA.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo hiyo," alisema Mchapaji.

"Ndiyo ipi? Barua gani?"

"Zote. Zimo humo zote."

Mwalimu aligeuka taratibu. "Miaka sita unajiita mchapaji, watu wanapanga foleni hapa, halafu una faili moja?"

"Moja linanitosha."

"Kaka, umesikia? Faili moja! Watoto wangu wa darasa la tano wana mafaili mengi kuliko huyu." Akacheka, na Kaka Mkubwa akacheka kwa sababu dada yake amecheka, ingawa yeye mwenyewe kompyuta ya ghalani hufunguliwa na msaidizi wake.

Dereva alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, mikono mfukoni. Alitazama sakafu. Mkewe alimtazama, akangoja, akaona hapana kitu kinachokuja kutoka huko.

Angeweza kuwaeleza. Mchapaji alijifunzia kazi kwenye mashine ya taipu, ambayo karatasi ikitoka unaishika mkononi na mambo yamekwisha. Mwaka wake wa kwanza wa kompyuta, mama mmoja alikuja kuandikisha malalamiko ya binti yake aliyepigwa na mumewe hadi akapoteza mimba. Mchapaji aliyachapa saa nzima, akafungua faili jipya, akalihifadhi kama alivyoelekezwa. Asubuhi yake halikuonekana. Alilitafuta kila pembe, machozi yakimlenga. Yule mama alilazimika kukaa tena kwenye benchi na kusimulia yote upya, mwanzo mpaka mwisho, damu na kila kitu. Tangu siku hiyo Mchapaji hakufungua tena faili jipya. Alifungua BARUA, akashuka mpaka mwisho, akaanza ukurasa mpya, akachapa. Kila kitu kikawa mahali pamoja, na hakuna kilichopotea tena. Ila kukipata ndiko kulikokuwa kazi.

Hakuwaeleza. Alisema tu, "Niachie kiti, wifi. Nitamtafuta Baba mwenyewe. Humu mna siri za watu."

"Siri!" Mwalimu aliinuka huku akijipangusa sketi, kama kiti kimemchafua. "Haya, tafuta."

* * *

Faili lilikuwa na kurasa mia saba na kitu. Lilifunguka kwa kujivuta, na kila baada ya kurasa chache kompyuta ilisimama kupumua. Mchapaji aliomba wakae nyuma, kwenye benchi. Walikaa nusu dakika, kisha wakaja kusimama nyuma ya mgongo wake. Pumzi ya Kaka Mkubwa ilimfikia shingoni.

Alishuka haraka kadiri mashine ilivyokubali. Maombi ya kazi. Barua ya kujiuzulu. Mtu anamtaka ndugu yake radhi. Tangazo la mbuzi aliyepotea. Kwa kila ukurasa aliukumbuka uso, nani alilia, nani alikaa akitikisa goti. Mzee alianza kusema maneno yake kipindi cha mvua kubwa, hilo alilikumbuka, kwa sababu siku ya kwanza bati lilipiga kelele ikabidi aseme kwa sauti. Akaanza kuona barua za kipindi hicho. Paa limeezuliwa. Shule inaomba msaada wa bati. Hapo akajua amekaribia.

Ukurasa wa mia sita na kumi na saba ukapanda. Juu kabisa palikuwa na anwani, na chini yake, kwa herufi kubwa: YAH: MAOMBI YA UHAMISHO.

Mchapaji aliitambua mara moja. Alikuwa amesahau kabisa. Barua hii ilichapwa asubuhi, na alasiri ya siku ileile Mzee akakaa kwenye benchi akasema, "Andika, mimi mwashi." Zilikuwa zimelala bega kwa bega miezi minane yote.

Alilifunga faili. Kompyuta ikauliza swali lake la siku zote, akabonyeza kujibu bila kulisoma, na kioo kikabaki kitupu.

"Umefunga nini?" Mwalimu alirukia.

"Limejifunga lenyewe."

"Nimekuona kidole! Kaka, umemwona? Ameona kitu akafunga."

"Nimemwona," alisema Kaka Mkubwa, ambaye hakuwa ameona lolote.

"Shemeji, nipeni saa moja. Nendeni kwa Baba, mkirudi mtakuta limetoka kwenye karatasi."

"Saa moja ya kufanya nini? Ya kuandika unachotaka?"

Mchapaji alikuwa ameandika maneno ya mzee yule bila kugusa hata koma. Wiki tatu alikuwa amembeba, amemgeuza, amemwosha, na hawa wawili wamekuja mara tatu, mara mbili kati ya hizo na futi ya kupimia. "Nimeandika aliyosema," alijibu. "Sikuongeza wala sikupunguza."

"Basi kwa nini unaficha?" Mwalimu alimwinamia. "Sikiliza nikwambie. Baba hakusema kitu. Alikuwa anakaa hapa anapiga soga, wewe unabonyeza bonyeza, sasa unataka kututolea karatasi ya kujipa nyumba. Mwizi wa kalamu ni mbaya kuliko wa panga."

"Dada, jamani," alisema Dereva.

"Dada jamani nini?"

"Si mngengoja tu."

Yakaishia hapo. Hayo ndiyo yote mwanaume yule aliyokuwa nayo siku hiyo kwa ajili ya mkewe. Mchapaji alimchukia wakati ule kuliko wale wengine wawili, kwa kuwa wale hakuwa amewategemea.

Kutoka chumba cha nyuma ubao wa kitanda ukagongwa mara mbili. Mzee alikuwa anasikia.

"Ondoka hapo," alisema Mwalimu. "Nakutafutia mimi."

* * *

Mashine ilipolifungua tena faili ilirudi ukurasa wa kwanza, kama kawaida yake. Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kushuka ukurasa kwa ukurasa. Katika zile siku tatu za mafunzo walikuwa wamefundishwa kutafuta neno ndani ya faili, na Mchapaji, miaka yote sita, hakuwahi kujua jambo hilo linawezekana. Aliona kidirisha kinafunguka pembeni, akaingiwa na hofu.

"Wifi, nakuomba. Nikuelekeze. Ni kipindi cha mvua."

"Sihitaji kuelekezwa." Mwalimu aliandika: watoto wangu. "Baba hawezi kugawa nyumba bila kututaja."

Mahali pa kwanza palikuwa barua ya mjane. Mwalimu akasoma mistari miwili kwa sauti, sauti yake ya darasani, kila neno limenyooshwa. Akaruka. Mahali pa pili palikuwa barua ya fundi viatu wa pale njia panda, anaungama kwa mkewe kwamba ana mtoto wa nje.

"Eh! Kumbe yule naye!" Akasoma hadi mwisho, mkono mdomoni. Kaka Mkubwa akaomba arudie pale pa mtoto.

"Hao ni wateja wangu," alisema Mchapaji. "Wameniamini. Usisome ya watu."

"Ungewawekea kila mmoja faili lake, nisingesoma." Akabonyeza tena.

Faili likaruka kurasa nyingi kwa mkupuo mmoja, likatua katikati ya ukurasa. Mwalimu akasogeza uso karibu na kioo. Mgongo ukamnyooka.

"Tumempata! Sikilizeni. 'Watoto wangu wawili wasipate usumbufu wowote.'"

"Wawili?" Kaka Mkubwa alisonga. "Tuko watatu."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Wawili."

"Kuna aliyeachwa nje, basi." Wote wawili walimgeukia Dereva, ambaye alitoa mikono mfukoni kwa mara ya kwanza.

"Wifi, siyo hiyo," alisema Mchapaji. "Ya Baba iko chini yake. Ruka ukurasa."

"Niruke? Nimefika pazuri unataka niruke?" Mwalimu aliinua kidole kama anayenyamazisha darasa. "'Mwalimu ninamwachia kila kitu kilichomo ndani, vitanda, kabati na vyombo, wala sidai hata kijiko.' Kaka, umesikia? Mwalimu! Mimi! Ndicho alichokuwa anaficha huyu!"

"Endelea," alisema Kaka Mkubwa kwa sauti kavu.

"Wifi, kwa jina la mama yako, nyamaza hapo."

"Wewe ndiye utanyamaza. 'Ninachoomba ni kituo cha mbali, popote pale, hata pasipo na umeme. Uhamisho huu naomba mwenyewe kwa hiari yangu.'" Sauti ilianza kupungua mwendo, lakini ilikuwa imezoea kusoma hadi kwenye nukta. "'Naomba ofisi iutangaze kama amri, ili mke wangu aamini nimepelekwa kwa lazima. Nimeishi naye miaka kumi na minne na kila siku nimekuwa mwanafunzi wa mwisho darasani. Anwani yangu mpya naomba asipewe.'"

Chini palikuwa na jina la mumewe, fundi mkuu wa mitambo, na namba yake ya kazi. Hilo hakulisoma kwa sauti.

Miezi minane Mwalimu alikuwa ameusimulia mtaa mzima, na shule nzima, jinsi wakubwa wa kazini walivyomwonea mume wake wakamtupa mbali na familia. Alikuwa amewalaani kwa majina. Watu walimpa pole, naye alizipokea.

Kaka Mkubwa alikohoa. Kikohozi kilianza vizuri, halafu katikati kikavunjika kikawa kicheko, akakimeza amechelewa. "Kumbe kahama mwenyewe," alisema.

Mwalimu hakumtazama. Alishusha ukurasa mmoja. Huko maneno ya Mzee yakaanza, na akayasoma, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mdomo wake. Alisoma bila sauti ya darasani.

"'Mimi mwashi, niliyejenga nyumba hii, nina akili zangu. Watoto wangu ni watatu na wote nawapenda, hata wanaokuja na haraka. Kiwanja cha nyuma chote ni cha mkubwa na dada yake, wajenge kila mtu kwake. Nyumba hii ni ya wa mwisho na mkewe. Chumba cha mbele ni cha mke wa mwanangu peke yake, hata huyo mwanangu asimwondoe. Dirisha lile nililipanua kwa ajili yake, apate mwanga wa kuchapa.'"

Ubao wa kitanda ukagongwa. Mara moja, kwa nguvu.

* * *

"Futa," alisema Kaka Mkubwa.

Alisema kwa sauti ya chini ili isifike chumba cha nyuma. Alikuwa ameinama juu ya bega la dada yake. "Haina dole. Haiko kwenye karatasi. Ni vijidudu tu kwenye kioo. Futa faili zima, na hiyo ya mumeo iende nayo. Tumkute karani kesho tukiwa wasafi."

Mchapaji alisikia kila neno. Hakuwa na la kufanya. Kiti hakuwa nacho, kompyuta hakuwa nayo, na mumewe alikuwa mlangoni akiwa ameshika fremu kana kwamba nyumba ndiyo itakayomwangukia. Maisha yake yote yalikuwa chini ya kidole cha mwanamke aliyemwita mwizi dakika kumi zilizopita, na ambaye sasa alikuwa na sababu ya kweli ya kumchukia.

"Fanya haraka, Mwalimu," alisema Kaka Mkubwa, na kwenye midomo yake kile kicheko kilikuwa bado hakijakauka.

Mwalimu alikiona. Akamtazama kaka yake kwa kitambo, kisha akauliza bila kugeuka, "Printa inawaka?"

"Inawaka," alisema Mchapaji.

"Dada, usiwe mjinga—"

"Rudia."

Kaka Mkubwa alienda kutafuta viatu vyake.

"Kurasa zipi?" Mwalimu aliuliza.

"Mia sita na kumi na nane mpaka mia sita na ishirini."

Printa ilinguruma, ikameza karatasi ya kwanza ikaikunja, ikatemeshwa, ikaanza upya. Kurasa tatu zikatoka zikiwa na joto. Mwalimu alizipeleka kwa baba yake mwenyewe, akamsomea tena mwanzo mpaka mwisho, na kwa kila ukurasa Mzee alitikisa kichwa. Dereva akaleta kidau cha wino. Alikishika kidole gumba cha baba yake cha kushoto, akakitia wino, akakikandamiza kwenye karatasi mara tatu. Mchapaji aliyaona hayo, na bado hakumsamehe. Kaka Mkubwa alikuwa amekwisha kuvaa viatu vyake na kuondoka. Mlango aliuacha wazi.

Mwalimu alirudi chumba cha mbele. Huruma haikuwa usoni mwake, wala shukrani Mchapaji hakuitarajia. Alikaa tena kwenye kiti.

"Nionyeshe tena ile barua."

Mchapaji alimwonyesha. Mwalimu aliipaka barua ya mumewe rangi ya buluu kuanzia anwani hadi jina, akabonyeza. Ukurasa ukatoweka, na maneno ya Mzee yakapanda kushika nafasi yake. Akabonyeza kuhifadhi. Kisha akahifadhi tena.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ukawa unanipa pole kama wengine."

"Alikuwa mteja, wifi. Na wewe ulikuwa mteja."

"Usiniite wifi." Alinyoosha karatasi iliyokunjika, akaikunja mwenyewe upya. "Imefutika?"

"Humu imefutika."

"Humu kuna maana gani?"

"Aliondoka na nakala mbili. Moja yake, moja ya ofisini."

Nje mtu alipita akiburuta kitu cha chuma barabarani, na mlio ule ukachukua muda kuisha.

"Na yangu?" aliuliza hatimaye. "Ile niliyokuja uniandikie. Ya kuwaomba wakubwa wake wamrudishe. Iko wapi?"

"Humo humo, mbele kidogo ya pale ilipokuwa ya mumeo."

"Ifute."

"Nitaifuta. Lakini hiyo uliipeleka mwenyewe. Ulirudi hapa ukaniambia walivyokupokea vizuri, karani wao akafungua faili la mumeo mbele yako, akaiweka yako juu ya barua iliyokuwemo."